Shajara ya mradi: kuyapima maji ya Uzi kabla daraja halijapitika

Rajabu, mwezi mwandamo, bamvua

Tumeanza. Tangu bamvua hili, yaani maji makubwa yanayokuja mwezi ukiandama au ukipevuka, kamati yetu inaandika kila maji yanapoifunika njia ya mawe baina ya Unguja Ukuu na kisiwa cha Uzi: yameingia saa ngapi, yamepanda hadi wapi, yameondoka saa ngapi. Daraja linajengwa kushika nafasi ya njia hii, na sisi tunaoipita tangu utotoni tuna mambo tunayoyajua ambayo hayataonekana kwenye ramani mpaka mtu ayaandike.

Kwa wasiowahi kufika kwetu: Uzi iko kusini ya Unguja, Wilaya ya Kati, na ina vijiji viwili, Uzi na Ng'ambwa. Ukitoka Unguja Ukuu unateremka kwenye mikoko, kisha unaifuata njia iliyojazwa mawe, inayokata tope, mchanga na vijito kwa masafa ya kilomita mbili na kidogo. Maji yakipwa, gari, baiskeli, gari la ng'ombe na mtu wa miguu wote wanapita. Maji yakijaa njia inazama, na asiyeijua hawezi kusema kama chini yake kuna barabara.

Shajara hii nimeipanga kwa mwezi wa kuandama kwa sababu maji yenyewe yanafuata mwezi. Kwetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Basi siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji yanajaa karibu na saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, wakati ule ule ambao mfanyakazi anatoka, mwanafunzi anayesoma upande wa pili anatoka, na mwenye ndoo ya samaki anakimbilia soko. Wiki ya maji mafu, yaani maji madogo ya baina ya bamvua na bamvua, mambo ni mepesi: maji hujaa mnamo saa nne, yanapanda kidogo tu, na pahali pengi njia inabaki juu. Tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4 kwenye bamvua kubwa, na kwenye maji mafu hushuka hadi kiasi cha mita 1. Maisha ya kisiwa kizima yamepangwa ndani ya tofauti hiyo: siku ya harusi, siku ya kuleta saruji, siku ya kumpeleka mtoto chanjo.

Rajabu, maji mafu

Tumesimamisha vijiti vya kupimia mahali patatu: mwanzo wa njia upande wa Unguja Ukuu, katikati penye kijito kikubwa, na karibu na kutokea Uzi. Ni boriti zilizochongwa alama na kupakwa rangi, zikachimbiwa chini mpaka zikashika. Kazi yote imefanyika maji mafu ili tupate muda wa kutosha juu ya tope.

Kijana mmoja wa chuo, mtoto wa hapa hapa, aliuliza kwa nini tujisumbue ilhali bandarini Mjini kuna kipimo cha maji kinachofanya kazi tangu miaka ya 1980 na majedwali ya kujaa na kupwa yanapatikana. Swali lake ni zuri na linastahili jibu. Kipimo cha bandarini kinaisoma bahari iliyo wazi. Huku kwetu maji yanapita kwanza kwenye vijito vyembamba na mizizi ya mikoko, yanachelewa kuingia na yanachelewa zaidi kutoka. Upepo nao una sauti yake: kaskazi ikivuma siku kadhaa mfululizo maji yanakaa tofauti na yanavyokaa wakati wa kusi. Jedwali la bandarini ndiyo msingi, nasi tunaandika ni dakika ngapi sisi tuko nyuma yake na ni kwa kimo gani.

Wapimaji wa ardhi walikuwepo siku hiyo, na mzee wetu mmoja, mvuvi wa miaka mingi, akamwita mhandisi kijana.

"Njoo huku mwanangu. Unaona hawa chaza?"

"Nawaona, babu."

"Wameishia wapi kwenye huu mzizi?"

Kijana akapiga magoti akaangalia. Mizizi ya mkoko ilikuwa imejaa chaza mpaka kimo fulani, na juu ya hapo hakuna hata mmoja. Mzee akamwambia chaza hawezi kuishi pasipofika maji ya kila siku, basi ukitaka kujua maji ya kawaida yanafika wapi mwaka mzima, soma mizizi. Ukitaka kujua bamvua kubwa linafika wapi, tazama takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi. Mhandisi alishukuru, akaipima alama ya chaza kwa chombo chake, akaiandika. Nami nimeiandika hapa ili ionekane kwamba maarifa hayo yaliombwa, yakatolewa na yakapokelewa kwa adabu pande zote mbili.

Rajabu, mwezi mpevu, bamvua

Bamvua la kwanza kusomwa kwenye vijiti vyote vitatu. Maji yamepanda zaidi katikati kuliko kwenye miisho, kama tulivyotazamia. Kwenye kijito kikubwa mtu mzima aliyesimama juu ya njia yangemfika kifuani.

Lakini jambo kubwa la leo limetoka kwa muuguzi tuliyekuwa naye, na limebadilisha namna tutakavyojaza daftari. Alisema: tusiandike kilele peke yake. Maji yakishajaa kabisa, mtumbwi au ngalawa inapita juu ya njia bila tabu na mgonjwa anavuka. Yanayoua ni maji ya nusu. Yamezidi kwa gari, hayajatosha kwa chombo, na chini kuna mawe yanayoweza kupasua ubao. Saa hizo ndizo mja mzito anapokaa kwenye mchanga akisubiri, upande wa huku au upande wa kule. Ametaka tuandike kwa kila bamvua: saa ambayo gari la mwisho limeweza kupita, saa ambayo mtumbwi wa kwanza umeelea, na vivyo hivyo wakati wa kupwa. Pengo la katikati ndilo kisiwa kimefungika kabisa, na kwa siku moja ya bamvua linatokea mara nne.

Tangu leo daftari lina safu hizo mbili. Naamini ndizo zitakazokuwa na thamani kuliko zote, hasa wakati wa ujenzi, kwa sababu mkandarasi naye atakuwa na magari yake, na siku akihitaji kuziba sehemu ya njia kwa kazi, tunataka azibe wakati ambao haumkati mgonjwa na hospitali.

Shaabani, maji mafu

Kikao cha kamati kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu. Agenda ilikuwa moja: tuendelee kuitengeneza njia ya zamani au tuiache?

Wapo waliosema kwa nia njema kabisa kwamba nguvu na fedha zielekezwe kwenye mambo ya baada ya daraja, maana njia hii ni ya kuagwa. Kila mwaka tunajaza mawe, kila masika bahari inayapanga upya. Hoja yao naielewa. Hata hivyo nilisimama nikapinga, na napinga hapa tena. Daraja la bahari halijengwi kwa msimu mmoja. Nguzo zinachimbiwa moja moja, zege linasubiriwa lishike, na bahari haimpi fundi zaidi ya saa chache za kazi ya chini kila maji yanapopwa. Katika muda huo wote watu wanavuka kwa njia ile ile ya zamani, tena itabeba zaidi: magari ya vifaa, mafundi, wageni. Njia inayokaribia kustaafu ndiyo inayochoka haraka, kwa sababu kila mtu ameshaanza kuliangalia daraja jipya na hakuna anayeitazama chini.

Tumekubaliana hivi. Mashimo matatu makubwa upande wa Uzi yatajazwa mawe makubwa chini na madogo juu, siyo mawe madogo matupu ambayo bamvua moja huyasomba. Kando ya njia, pande zote mbili, zitasimamishwa boriti ndefu zenye kitambaa cheupe, ili dereva anayevuka maji yakianza kuingia aone njia inapita wapi. Boriti hizo zitatoka kwenye miti iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya ujenzi, na kibali kitaombwa. Hakuna mkoko mpya utakaoangushwa kwa kazi yetu.

Akina mama wa mwani waliomba jambo moja na likapitishwa bila mjadala: pafanywe kituo kikavu upande wa Unguja Ukuu cha kuwekea viroba vya mwani mkavu. Mwani uliokauka siku nzima juani ukirudiwa na maji njiani, kazi imepotea. Tangu kilimo hiki kilipoingia Zanzibar kibiashara mwaka 1989, kimekuwa mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa, na sioni sababu ya mpango wa usafiri kuwataja wao mwisho.

Shaabani, mwezi mpevu

Bamvua limesomwa. Njia imefungika kwa gari tangu kabla ya saa nane mchana mpaka magharibi inaingia. Boriti za vitambaa vyeupe zimefaa sana. Madereva wawili wamekuja wenyewe kushukuru.

Usiku huu ndio nimeandika rasimu ya barua kwa ofisi ya mradi kuhusu jambo linaloniweka macho. Nalieleza kwa urefu, maana naomba wasomaji, na hasa ndugu zetu walioko Mjini, Dar es Salaam na Maskati wanaofuatilia kwa karibu, watoe maoni kabla haijapelekwa.

Daraja likishafunguliwa, njia ya mawe itafanywa nini?

Jibu la haraka ni kuiacha ilivyo. Nani atagharamika kuyatoa mawe baharini? Lakini kuna mahali pawili Afrika Mashariki ambapo watu waliziba maji kwa tuta ili wapate barabara, wakaja kuyafungua baadaye kwa gharama kubwa zaidi. Kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kiliunganishwa na Mbita mapema miaka ya 1980 kwa tuta lililojazwa moja kwa moja, bila kuachwa nafasi ya maji. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mkondo wa Mbita, ambao maji ya ghuba yalikuwa yakipita kuingia ziwa kuu, uliziba. Maji yakatuama, magugu maji yalipoivamia Viktoria yakapata pa kutulia, na wavuvi wa pande zote mbili wakalalamika miaka nenda miaka rudi. Baada ya zaidi ya miaka 30 ndipo tuta likafunguliwa na daraja likajengwa ili maji yapite chini.

Mombasa ni hivyo hivyo. Tuta la Makupa, lililokiunganisha kisiwa na Changamwe tangu zama za ukoloni, liliutenga mkono wa bahari wa Tudor na ule wa Port Reitz. Mwaka 2022 limefunguliwa Daraja la Makupa, na mojawapo ya sababu zilizotajwa waziwazi ni kuyarudisha maji yakutane, mikoko na samaki wapate uhai.

Njia yetu haifanani kabisa na hizo. Tuta la Makupa na la Mbita yalikuwa juu ya maji saa zote, na njia ya Uzi inazama kila bamvua, kwa hiyo bahari haijazibwa kikamilifu. Ila wakati wa maji ya nusu na maji mafu, ambao ukiuhesabu ni sehemu kubwa ya mwezi, mawe yale yanakuwa kizuizi. Wavuvi wa hapa wataonyesha mahali tope limejaa upande mmoja wa njia na mchanga ukabaki upande wa pili. Kwenye kijito kikubwa tope hilo limepanda kiasi kwamba mtumbwi uliokuwa ukipita siku zote sasa unasubiri.

Ombi letu basi si kuyang'oa mawe yote. Pahali pengi mikoko imeshaota kando ya njia, ikaishika kwa mizizi, na kuyatoa mawe hapo kutaiua. Tunaomba yafunguliwe kwenye vijito peke yake, mahali maji yalipokuwa yakipita yenyewe kabla ya njia kuwekwa, na wazee wanaovijua vijito hivyo kwa majina waende pamoja na wahandisi kuvionyesha. Na tunaomba liingizwe kwenye mpango wa kazi wa sasa, wakati mashine ziko hapa. Mashine zikishaondoka, nazijua barua zitakavyokuwa: zitaandikwa, zitajibiwa kwa heshima, na mawe yatabaki.

Ramadhani

Mwezi huu tunaandika kidogo. Bamvua la mwandamo limejaa alasiri, na siku zilizofuata maji yamejaa karibu na wakati wa kufuturu. Waliochelewa Mjini wamefuturu Unguja Ukuu. Watu wa Unguja Ukuu wamewakaribisha, kama wanavyofanya kila mwaka, na haki yao iandikwe.

Barua imepokea maoni mengi. Maoni yaliyonigusa zaidi ni ya maalim mmoja aliyekumbusha kuwa Unguja Ukuu ni mahali pa kale sana: palikuwa na mji wa biashara zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hapo vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi na Uchina. Anaomba kila kinachochimbwa kwenye upande huo wa daraja kiangaliwe, na mafundi waelezwe kwamba wakiona vigae au mifupa wasimame na watoe taarifa. Tumeliongeza kwenye barua, na vijana wawili wa kamati watapewa mafunzo madogo ya kutambua vigae vya kale.

Mfunguo Mosi, mwezi mwandamo, bamvua kubwa

Hili ndilo bamvua tulilokuwa tukilingoja. Machi na Septemba jua linakuwa juu ya ikweta, mvuto wake na wa mwezi unaungana vizuri zaidi, na maji yanapanda kuliko miezi mingine. Mwaka huu limeangukia Idi. Kamati ilijigawa: wengine waliswali na kubaki na familia zao, wengine waliahidi kuwepo kwenye vijiti tangu saa nane mchana. Watoto wa Idi walikuja na nguo zao mpya kutazama, tukawapa kazi ya kupiga kelele kila maji yanapofika alama.

Maji yaliingia kwa utulivu, bila wimbi, kaskazi ikiwa imeshapungua. Kijiti cha katikati kilizama mpaka alama ya mwisho tuliyoichonga, kisha kikaipita. Upande wa Uzi maji yalitoka nje ya mikoko yakaingia kwenye njia ya mchanga iendayo kijijini, mahali ambapo vijana hawajawahi kuyaona na wazee waliwahi kuyaona. Tulichimbia vigingi papo hapo ili tupate kupima mwisho wake siku ya pili. Kisha tukatafuta majani makavu ya bamvua zilizopita kwenye matawi, na yote yalikuwa chini ya maji.

Mhandisi yule kijana alikuwepo, sikukuu yake ameitumia pamoja nasi. Alipoona maji yamefika wapi, aliomba daftari akalisoma lote ukurasa kwa ukurasa. Aliniambia kitu ambacho nakiandika kwa maneno yangu mwenyewe: kimo cha daraja juu ya maji kinapangwa kwa bamvua kubwa, na juu yake huongezwa nafasi kwa ajili ya mawimbi, upepo, na bahari kupanda kwa miaka mingi ijayo. Lakini namna vyombo vinavyopita chini ya daraja inategemea watu wa mahali. Akauliza: ngalawa yenye mlingoti inahitaji nafasi gani hapa? Tulimpelekea ngalawa, si maneno. Ilisimamishwa kwenye kijito, mlingoti ukapimwa kutoka kwenye maji hadi ncha. Bila kufanya hivyo daraja la magari linaweza kuwa ukuta kwa wavuvi wanaopita baina ya mikoko ya kusini na bahari ya wazi.

Jioni, tukisubiri maji yashuke, tulizungumza juu ya zege, na hapa nilijifunza mengi ninayotaka kila mwenye nyumba ya pwani ayajue. Nguzo ya daraja la bahari haishambuliwi zaidi pale inapokuwa majini saa zote. Inashambuliwa kwenye ukanda ambao maji hupanda na kushuka: inalowa chumvi, inakauka, chumvi inabaki, inalowa tena, mara mbili kila siku, mwaka hata mwaka. Chumvi inapenya zege taratibu mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalisukuma zege kutoka ndani mpaka likapasuka. Ndiyo maana nyumba nyingi za pwani zinadondosha vipande vya zege chini ya dari, nasi tunamlaumu fundi wa plasta.

Kinga yake haina siri. Zege linalofunika nondo liwe nene, sentimita 5 na zaidi kwa nguzo za baharini. Liwe zito, lisiwe na matundu. Maji ya kuchanganyia yawe matamu, si ya bahari wala ya kisima chenye chumvi. Mchanga usichotwe ufukoni. Na likishamwagwa, litunzwe na unyevu siku kadhaa, lisiachwe likaanikwa na jua la Januari. Nilimwuliza kama wananchi wanaweza kusimama kuangalia zege likimwagwa. Akasema wanaweza, wakisimama mahali salama, na kwamba fundi anayejua anatazamwa na watakaovuka daraja hufanya kazi kwa makini zaidi. Nimeliandika hilo kwa sababu limesemwa na mtu wa fani mwenyewe.

Mfunguo Mosi, mwezi mpevu

Masika imeshika. Bamvua na mvua kubwa vimekutana, na mashimo mawili kati ya matatu tuliyojaza yamestahimili. La tatu limefumuka. Mawe yake ya chini yalikuwa membamba. Limejazwa upya kwa mawe makubwa.

Pengo la maji ya nusu limekuwa refu kuliko miezi iliyopita, kwa sababu maji ya mvua yanayoshuka kutoka nchi kavu yanachelewesha kupwa. Muuguzi ameshapeleka nakala ya ukurasa huo kituo cha afya, na waja wazito wanaokaribia siku zao sasa wanaelezwa mapema ni siku zipi za mwezi wahamie upande wa pili kwa jamaa zao. Hata kama daftari hili lisingefanya jingine lolote, hilo lingetosha kuwa sababu ya kuliandika.

Mfunguo Pili, maji mafu

Kitalu cha mikoko kimeanza. Mahali daraja linapopita kuna miti iliyokatwa, na tumeahidiwa kushirikishwa kupanda mingine. Tumekwisha kukubaliana tusirudie kosa lililoonekana pahali pengi pwani, la kupanda mkoko mtupu kila mahali kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka topeni. Kila mti una mahali pake. Mlilana unasimama mbele kuelekea bahari. Mkoko unapenda kingo za vijito. Mkandaa na msinzi wanakaa nyuma zaidi, na mchu huota nyuma kabisa, pahali maji hayafiki kila siku, na mara nyingine mbele pia. Mbegu zinaokotwa zilizoanguka zenyewe, na skuli imechukua jukumu la mchu, kwa sababu mbegu zake ndogo zinahitaji kitalu na uangalizi.

Jambo la pili ni kima punju. Kisiwa chetu ni mojawapo ya makazi yao, na duniani kote wanyama hawa hawapatikani kwa asili nje ya visiwa vya Zanzibar. Leo gari linavuka njia ya mawe kwa mwendo wa mtu wa miguu, halafu linaingia kisiwani taratibu. Likija kutoka kwenye daraja laini litaingia kwa kasi. Kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani, hapa Unguja, walilazimika kuweka matuta barabarani baada ya kima kugongwa mara kwa mara. Tumeomba matuta yawekwe Uzi tangu siku ya kwanza ya barabara, kwa ajili ya kima na kwa ajili ya watoto wetu, ambao hawajazoea gari linalokuja kwa kasi.

Barua imepelekwa, ikiambatana na nakala ya daftari lote, vipimo vya mlingoti, na orodha ya vijito iliyotolewa na wazee. Ofisi ya mradi imeipokea na kutupangia siku ya kwenda pamoja kwenye vijito. Tumeomba iwe siku ya kupwa kwa bamvua, asubuhi, ili tope lote liwe wazi na kila mtu aone kwa macho yake maji yanapotaka kupita. Watakaokwenda ni wazee wawili wa uvuvi, mama mmoja wa mwani, muuguzi na mimi. Anayekijua kijito ambacho hakimo kwenye orodha aje kwa sheha kabla ya mwezi kupevuka. Njooni na viatu vya tope na maji ya kunywa, tutaondoka saa mbili na nusu.